Dola Huzaliwaje? Somo Kutoka Dola Ndogo Kuliko Zote



Wapendwa vijana, leo tunatoka kidogo kwenye mada zetu za kawaida, tunaingia kwenye siasa. Usiogope, sio siasa za vyama. Ni siasa ya mzizi: dola ni kitu gani, na inatokea wapi?

Kuna swali ambalo kijana Mkatoliki akikaa na wenzake chuoni au kazini, lazima siku moja alikute. "Hivi nyie, ni dini gani ina ubalozi? Papa wenu ni kiongozi wa dini au ni rais?" Wengi wetu tunacheka tu, au tunabadilisha mada. Sasa, swali hilo lina jibu, lakini hulifikii kama hujajua kwanza dola ni nini. Na ukishajua, utakuwa umegusa swali lingine kubwa zaidi ambalo hukuulizwa: dola inaweza kunidai mimi kiasi gani?

Tuanze na maneno, maana hapa ndipo tunapochanganyana. Kiswahili kina maneno manne ambayo tunayatumia kana kwamba ni moja: nchi, taifa, serikali na dola. Nchi kwanza ni ardhi, yaani milima, mito, mashamba na bahari. Taifa ni watu wanaojiona kuwa ni wamoja kwa lugha, historia au kumbukumbu. Taifa linaweza kuwepo bila dola. Poland iligawanywa na majirani zake watatu, Urusi, Prussia na Austria, na mwaka 1795 ikafutika kabisa kwenye ramani. Ikarudi mwaka 1918. Katika miaka hiyo 123 Wapolandi hawakuacha kuwa Wapolandi, walisali kwa Kipolandi na kulea watoto kwa Kipolandi. Wakurdi leo wametawanyika Uturuki, Iraki, Irani na Siria, taifa wanalo, dola hawana.

Serikali ni wale wanaoendesha mambo kwa wakati fulani. Wanaingia, wanatoka. Dola ndiyo ile inayobaki wao wakishatoka. Mfano rahisi ni deni. Serikali ikikopa leo, ikashindwa uchaguzi kesho, anayeingia hawezi kumwambia mkopeshaji "kamdai aliyekopa". Aliyekopa ni dola, na dola haijatoka ofisini.

(Kama jambo la pembeni: neno dola tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kuzunguka na kupokezana zamu. Wala si hizi dola za kubadilishia benki, hizo zina ukoo mwingine.)

Mazungumzo yetu ya kila siku yameliharibu kidogo neno hili. Tukisikia "vyombo vya dola" tunaona polisi na bunduki. Tukisikia "kushika dola" tunaelewa chama kimeshinda. Hapo tumeshafanya dola na serikali kuwa kitu kimoja, na matokeo yake yako pande mbili. Kiongozi akikosolewa anasema nchi imetukanwa. Na kijana mwenye hasira na waziri anakwenda kuchoma ofisi ya kata, wakati ofisi ile si ya waziri, ni yake yeye na ya bibi yake anayefuata barua pale. Wote wawili wamekosea jambo lile lile.

Haya, sasa dola inatambulikaje? Ukisoma sheria za kimataifa utakutana na Mkataba wa Montevideo, uliosainiwa Uruguay mwezi Desemba 1933 na nchi za bara la Amerika. Unataja sifa nne: watu wanaoishi pale kwa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Ukizisikia mara ya kwanza unaona mambo yamekwisha. Lakini zijaribu moja moja.

Watu wangapi? Nauru, kisiwa cha Pasifiki, ina watu wasiozidi 15,000 kwenye kilometa za mraba 21, na ni mwanachama kamili wa Umoja wa Mataifa. Kata moja ya Dar es Salaam inaweza kuizidi. Eneo linalojulikana kwa kiasi gani? Tanzania na Malawi bado hazijamaliza mjadala wa mpaka wa Ziwa Nyasa, ila hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba moja kati yake sio dola. Serikali je? Somalia ilipoteza serikali kuu mwaka 1991 na ikakaa miaka mingi bila serikali yenye nguvu, lakini kwa macho ya dunia dola ya Somalia haikufa. Na hapo hapo kaskazini, Somaliland ilitangaza kujitenga Mei 1991, ikajenga serikali, sarafu, pasipoti na uchaguzi, na bado dola nyingi za dunia hazijaitambua. Yaani mmoja alikuwa na kiti bila serikali, mwingine ana serikali bila kiti!

Hapa wanasheria wamegawanyika. Wengine wanasema kutambuliwa na wenzako ndiko kunakokufanya uwe dola. Wengine, na Montevideo yenyewe iko upande huu, wanasema dola ipo hata kabla ya kutambuliwa, kama mtoto alivyo mtoto hata kabla ya cheti cha kuzaliwa. Mimi naona kundi la pili lina hoja nzuri zaidi kwenye karatasi, na la kwanza lina ushahidi zaidi mitaani. Mtoto asiye na cheti ni mtoto, ndiyo, lakini kamuulize anavyohangaika kuandikishwa shule.

Sisi Watanzania tunahusika na swali hili kuliko tunavyokumbuka. Mei 1967 jimbo la mashariki la Nigeria lilijitangaza kuwa dola ya Biafra, vita vikazuka. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ikawa nchi ya kwanza duniani kuitambua. Gabon, Ivory Coast na Zambia zikafuata, baadaye na Haiti. Mtumishi wa Mungu Mwalimu Nyerere, mtu aliyeupenda umoja wa Afrika kuliko wengi, alifanya uamuzi ule akijua utawakera marafiki. Hoja yake kwa ufupi ilikuwa kwamba dola ipo kwa ajili ya usalama wa watu wake. Watu wakishaamini kwamba ndani ya dola hiyo hawana tena usalama, huwezi kuwalazimisha wabaki kwa kuwaonyesha ramani. Biafra ilishindwa Januari 1970. Kutambuliwa na nchi tano hakukuiokoa. Unaweza kumkubali Mwalimu au kumkataa, ila angalia alipoanzia. Wengine wote walianza na mipaka, yeye alianza na kazi ya dola.

Na hilo linatupeleka kwa wanafalsafa, maana swali la "inazaliwaje" wao walilianza zamani sana.

Aristotle alisema dola inakua yenyewe, kama mti. Mume na mke wanafanya kaya, kaya zinafanya kijiji, vijiji vinaungana kuwa mji unaojitosheleza. Binadamu kwa maumbile yake ni kiumbe wa kuishi mjini na wenzake. Zaidi ya miaka 1,900 baadaye, Thomas Hobbes, Mwingereza aliyeona nchi yake ikichinjana, aliandika mwaka 1651 kinyume chake: kwa maumbile tunaogopana, na dola ni mkataba. Kila mtu anaweka chini panga lake kwa sharti kwamba na mwenzake aweke, na wote wanampa mmoja nguvu ya kuwasimamia. Nikiwa darasani nilimpinga Hobbes kwa raha sana, maana mkataba huo haujawahi kusainiwa na mtu yeyote mahali popote. Lakini mtu aliyewahi kukaa wiki moja mahali ambapo utawala umeanguka atamwelewa haraka kuliko atakavyomwelewa Aristotle.

Kwenye Kanisa nako walimu wetu wawili wakubwa hawasemi sawasawa. Mtakatifu Augustino, aliyeandika wakati Roma inabomoka, anaiangalia dola kwa jicho la mashaka. Ndiye anayesimulia habari ya haramia aliyekamatwa na Aleksanda Mkuu, akamwambia mfalme kwamba tofauti yao ni ukubwa wa vyombo tu. Mwenye jahazi moja anaitwa mwizi, mwenye meli mia anaitwa mfalme. Kwa Augustino, ukiiondolea dola haki, huwezi tena kuitofautisha na genge. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anamfuata Aristotle zaidi. Mnyama amepewa kucha, meno na manyoya, binadamu amepewa akili na ulimi, na vyote viwili vinamhitaji mwenzake. Tomaso anafika hadi kusema kwamba hata kama Adamu asingetenda dhambi, bado tungehitaji mtu wa kuongoza, kwa sababu watu wengi wana mawazo mengi na faida ya wote inahitaji msimamizi. Kwa hiyo utawala wenyewe si adhabu ya dhambi. Mimi hapo niko na Tomaso, lakini Augustino namweka mfukoni kwa siku za kusikiliza hotuba.

Kihistoria milango ni mingi, tuipite haraka. Dola inaweza kuzaliwa kwa kumwondoa mkoloni, kama Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961. Inaweza kuzaliwa kwa kuungana. Zanzibar na Tanganyika kila moja ilikuwa na kiti chake Umoja wa Mataifa, na baada ya Aprili 26, 1964 kikabaki kimoja. Inaweza kugawanyika kwa amani, kama Chekoslovakia ilivyogeuka kuwa mbili tarehe 1 Januari 1993 bila risasi. Inaweza kujitenga kwa kura, kama Sudan Kusini, Julai 9, 2011. Siku tano tu baadaye Sudan Kusini ilikuwa mwanachama wa 193 wa Umoja wa Mataifa, na Desemba 2013 ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe. Bendera na kiti vilipatikana ndani ya wiki moja. Kile alichokisema Aristotle, kaya kuwa kijiji na kijiji kuwa mji, hicho hakina njia ya mkato.

Sasa turudi kwenye lile swali la ubalozi, kwa sababu hapa kuna dola iliyozaliwa kwa njia isiyofanana na hizo zote.

Tangu karne ya nane, baada ya Pipino mfalme wa Wafranki kumpa Papa ardhi katikati ya Italia, mapapa walikuwa watawala wa nchi kabisa, yenye majeshi, kodi na magereza. Ilidumu zaidi ya miaka 1,100, na si kila ukurasa wake ni wa kujivunia. Italia ilipoanza kuungana kuwa dola moja, sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilichukuliwa kufikia mwaka 1860. Tarehe 20 Septemba 1870 askari wa Italia walibomoa ukuta wa Roma karibu na lango la Porta Pia wakaingia. Papa Pio IX akabaki ndani ya Vatican.

Mwaka uliofuata bunge la Italia lilipitisha sheria ya kumpa Papa heshima za kifalme, fedha za kila mwaka na matumizi ya majumba ya Vatican. Pio IX alikataa. Watu walimwona mkaidi, lakini fikiri kifalsafa kidogo. Kinachotolewa na bunge la leo kinaweza kuondolewa na bunge la kesho. Ukipewa uhuru kwa sheria ya mwenzako, wewe ni mpangaji mwenye mkataba mzuri, sio mwenye nyumba. Basi kwa miaka 59 mapapa watano walikaa bila kutoka nje ya Vatican: Pio IX, Leo XIII, Pio X, Benedikto XV, na Pio XI katika miaka yake ya mwanzo.

Na hapa ndipo utamu ulipo. Katika miaka hiyo Papa hakuwa na dola. Zile sifa nne za Montevideo zingemwangusha papo hapo, maana ardhi hakuwa nayo kisheria wala raia. Lakini dola nyingine ziliendelea kutuma mabalozi kwake. Mwaka 1885 Ujerumani na Hispania zilipogombania visiwa vya Caroline huko Pasifiki, zilimwomba Leo XIII asuluhishe, naye akasuluhisha. Kwa hiyo kilichokuwa kinatambuliwa si kipande cha ardhi. Kilikuwa ni Kiti Kitakatifu, yaani Papa na ofisi yake ya kuongoza Kanisa, ambacho kilikuwepo kabla ya dola karibu zote zilizoko leo.

Sasa kama Kiti Kitakatifu kiliweza kuishi bila ardhi, kwa nini kiitafute tena? Vita ya kwanza ya dunia inajibu. Italia ilipoingia vitani mwaka 1915, mabalozi wa Ujerumani na Austria waliokuwa kwa Papa walikuwa wanaishi Roma, yaani katika ardhi ya adui yao. Wakafungasha wakahamia Uswisi. Papa wa wote alibaki akizungumza na upande mmoja ana kwa ana, upande mwingine kwa barua.

Tarehe 11 Februari 1929, katika jumba la Laterano, Kardinali Pietro Gasparri na Benito Mussolini walisaini mkataba. Siku hiyo Kiti Kitakatifu kikaitambua Italia na Roma kama mji mkuu wake, na Italia ikatambua dola mpya: Mji wa Vatican, hekta 44. Ni kama viwanja 60 vya mpira vilivyopangwa pamoja. Kikatika hivyo, kile cha miaka 1,100 kikaachwa. Pio XI hakudai mikoa irudishwe, alitaka mahali pa kusimama pasipo pa mtu mwingine.

Dola yenyewe ni ya ajabu. Hakuna anayekuwa raia kwa kuzaliwa pale, unakuwa raia kwa sababu ya kazi unayofanya, na kazi ikiisha uraia nao unaisha. Raia wote ni mia kadhaa tu. Maji yanatoka Italia, na mkataba unasema hivyo waziwazi. Uwanja wa Mtakatifu Petro kwa kawaida unalindwa na polisi wa Italia.

Na mabalozi hawatumwi kwa hekta 44. Wanatumwa kwa Kiti Kitakatifu, na hicho ndicho chenye kiti cha mtazamaji Umoja wa Mataifa tangu 1964, na ndicho chenye uhusiano na nchi zaidi ya 180. Balozi wa Papa aliyepo Dar es Salaam au Nairobi hauzi bidhaa za Vatican. Wala nchi haiwezi kumtumia balozi wake wa Italia kuwa pia balozi kwa Papa, Kiti Kitakatifu hakikubali. Kwa hiyo rafiki yako akikuuliza ni dini gani ina dola, mwambie ameigeuza kichwa chini. Papa hakuwa mkuu wa Kanisa kwa sababu ana dola. Ni dola iliyotengenezwa ili mkuu wa Kanisa asiwe chini ya waziri mkuu wa mtu.

Ilifanya kazi? Juni 1940 Italia iliingia tena vitani, na safari hii mabalozi wa nchi zilizokuwa maadui zake hawakukimbilia Uswisi. Balozi wa Uingereza, D'Arcy Osborne, alihamia ndani ya Vatican akaishi humo. Septemba 1943 Wajerumani waliikalia Roma nzima, na askari wao walisimama kwenye mstari mweupe uliochorwa ukingoni mwa uwanja wa Mtakatifu Petro. Rangi tu chini, lakini jeshi halikuvuka.

Najua kuna swali linakuwasha. Mkataba ulisainiwa na Mussolini, dikteta! Ni kweli, na si vizuri kulificha. Wapo waliofikiri kwamba baada ya 1929 Papa amenunuliwa. Basi tazama kilichotokea miaka miwili tu baadaye, tena kiliwahusu vijana kama wewe. Mfumo wa Mussolini ulitaka kila mtoto na kila kijana wa Italia awe ndani ya vyama vya chama chake. Vyama vya vijana vya Azione Cattolica, yaani utume wa walei, vilikuwa vinamsumbua kwa sababu vilikuwa na vijana wengi asiowashika yeye. Mwishoni mwa Mei 1931 serikali ikavifunga nchi nzima.

Pio XI akaandika waraka kwa Kiitaliano, sio Kilatini, ili kila mtu asome. Unaitwa Non abbiamo bisogno, wa tarehe 29 Juni 1931. Kwa kuhofia usizuiwe, ulipelekwa Paris na padre Mmarekani, Francis Spellman, ambaye baadaye alikuwa kardinali wa New York. Ndani yake Papa anasema kwamba kuitaka dola iwamiliki vijana wote, kuanzia utoto hadi utu uzima, kwa faida ya chama kimoja, ni kuifanya dola kuwa mungu wa kipagani. Dola ina haki zake juu ya raia, na hazikatai. Lakini mtu hakuumbwa na dola, na familia ilikuwepo kabla yake. Ni Aristotle yule yule wa kaya na kijiji, sasa akiwa ndani ya waraka wa Papa.

Mwezi Septemba mwaka huo pande mbili zilielewana. Vyama vilifunguliwa tena, kila kimoja chini ya askofu wake, kwa sharti kwamba vishughulike na mambo ya dini tu na visiendeshe michezo. Kwa hiyo kijana Mkatoliki wa Roma mwaka 1932 aliruhusiwa kusali rozari na wenzake parokiani. Mpira alitakiwa akauchezee kwa Mussolini.